Tairodi endi kwanza, alaimenti baadaye: mambo ya stelingi ya Noah old model

Naomba niseme hili mapema kabisa ili hata ukiishia hapa uwe umepata kitu: kama gari yako ina tairodi endi iliyokufa, yaani kile kiungo cha mwisho kinachounganisha stelingi na tairi, usiende kupiga alaimenti, yaani kupima na kunyoosha pembe za matairi. Usiende kabisa. Utalipa, utapewa karatasi nzuri yenye namba za kijani, halafu ukipita rasta za kwanza tu barabarani zile namba zote zimeshahama kwa sababu kitu kinachozishikilia kinacheza. Nimeona watu wengi sana wanazunguka kwenye huo mduara, alaimenti leo, alaimenti mwezi ujao, tairi zinaisha, wanalaumu tairi za Kichina, na muda wote huo kuna kiungo kimoja kidogo pale mbele kimelegea na hamna aliyekishika.

Mimi nina Noah old model, ile SR40 yenye injini ya 3S iliyokaa chini ya siti za mbele, Toyota walizitoa kuanzia 1996 mpaka 2001. Huku Arusha nadhani hamna haja ya kuielezea. Ni gari iliyotengenezwa Japani ibebe familia ya watu 8 waende kutembea kwenye lami nzuri, ikaja huku ikapewa kazi nyingine kabisa, abiria wa Namanga, abiria wa Karatu, magunia ya vitunguu, kreti za soda, harusi, misiba, na kote huko inaenda na inarudi. Naipenda hii gari na siongei hivyo kwa mazoea, ni gari ambayo ukiitunza chini huko inakutunza wewe huku juu. Ila chini huko ndo watu hatuangalii. Tunaosha bodi, tunabadilisha redio, tunaweka taa za LED, stelingi tunaikumbuka siku inapogonga.

Kwangu ilianza na sauti. Ukitembea taratibu kwenye barabara ya vumbi yenye mawimbi mawimbi unasikia kok kok kok mbele, ukirudi kwenye lami inapotea. Halafu stelingi ikaanza kuwa na nafasi, yaani unaizungusha kidogo kushoto, kidogo kulia, na gari bado haijajua kama umezungusha. Ukiwa kwenye 80 barabara ya Moshi gari inahama hama, unairudisha, inahama tena upande mwingine, mpaka unafika mabega yamekaza kwa kuishika. Sa hapo ukimuuliza mtu yeyote atakwambia kapige alaimenti, na ndo hapo naomba tutulie kidogo maana dalili hizi zinachanganywa sana.

Stelingi ikitetemeka ukifika 90 au 100 na ukipunguza inatulia, hiyo mara nyingi ni balansi ya tairi, au rimu imepinda, alaimenti haihusiki. Stelingi ikitetemeka ukikanyaga breki, angalia diski. Gari ikivuta upande mmoja inaweza kuwa upepo haulingani, inaweza kuwa tairi lenyewe, inaweza kuwa breki imeshika upande mmoja, na inaweza kuwa alaimenti kweli. Na tukumbuke huku tunaendesha kushoto na barabara zetu zina mgongo katikati ili maji ya mvua yashuke pembeni, kwa hiyo hata gari nzima kabisa ukiiachia stelingi itasogea kushoto taratibu, huo sio ugonjwa. Lakini gari inayohama hama huku na huku bila mpangilio, na stelingi ina nafasi, na kuna mgongano wa chuma unasikika kwenye mashimo, hiyo lala chini uangalie viungo.

Tairi nazo zinaongea. Pitisha kiganja juu ya kashata za tairi kutoka nje kwenda ndani, halafu kutoka ndani kuja nje. Kama upande mmoja mkono unateleza na ukirudi unakwaruzwa, hilo tairi limekuwa linaburuzwa kiubavu, na kinacholiburuza ni pembe ya matairi, ile ambayo mafundi wanaiita tou. Tairi za mbele zikitazamana sana kwa mbele zinakula nje, zikiwa zimetanuka kwa mbele zinakula ndani. Tairi likiliwa kwa viraka viraka, huku limeisha huku limebaki, angalia shokapu. Hii ya kiganja haina gharama yoyote na unaweza kuifanya ukiwa unasubiri chai.

Tairodi endi ni nini hasa. Stelingi ukiizungusha inasukuma reki, ile fimbo yenye meno kule chini, kushoto na kulia, reki ina fimbo mbili zimetoka pembeni, na mwisho wa kila fimbo kuna kiungo chenye goroli ndani ya kikombe, kinachoshika mkono wa tairi. Hicho cha mwisho nje ndo tairodi endi, na cha ndani kule kwenye reki, kilichofunikwa na buti la mpira lenye mikunjo, mafundi wanakiita reki endi. Goroli inazunguka kila upande kwa sababu tairi linapanda na kushuka huku linageuka. Linaishi kwenye grisi, na grisi inalindwa na kampira kembamba tu. Kampira kakipasuka vumbi la huku linaingia, linachanganyika na grisi, na hapo grisi yenyewe inageuka msasa. Baada ya hapo ni suala la muda, kikombe kinapanuka, goroli inacheza, na mwisho kabisa goroli inaweza kuchomoka. Ikichomoka tairi hilo halina mwenyewe, linaenda linakotaka, na wewe umeshika stelingi inayogeuza tairi moja tu. Fikiria hiyo kitu kwenye mteremko na gari imejaa watu. Ndo maana mimi hii spea siichukulii kama spea ya kusubirisha mpaka mwisho wa mwezi.

Kupima wengi wanapiga jeki, wanashika tairi saa tatu na saa tisa, wanalitikisa. Ni sawa, na ukilitikisa pia saa kumi na mbili na saa sita unajua kama shida ni beringi au boljointi (kiungo kingine cha goroli kinachobeba tairi), maana tairodi inacheza kiubavu tu. Ila njia ambayo mzee wangu wa gereji pale mtaa wa Unga Limited ananisisitizia kila siku ni ya gari kukaa chini kwenye matairi yake, injini imezimwa, chalii mmoja anakaa kwenye siti anachezesha stelingi kidogo kidogo kushoto kulia haraka haraka, na wewe umelala chini umeweka vidole kwenye kiungo, nusu kidole kwenye fimbo nusu kwenye mkono wa tairi. Kiungo kizima, vitu viwili vinaenda pamoja. Kiungo kilichokufa, kimoja kinaenda kwanza kingine kinafuata, na unakisikia kwenye kidole kabla hujakiona kwa macho. Kwa reki endi unashika juu ya lile buti la mpira, unaliminya mpaka unaisikia ile goroli ndani. "Usimwamini mtu anayekwambia imekufa kwa kuiangalia tu, kijana," aliniambia, "mwambie aweke mkono wako pale."

Akaweka mkono wangu pale. Kulia ilikuwa imekwisha, kushoto ilikuwa na mchezo mdogo. Reki endi zilikuwa nzima zote mbili. Nikaamua kubadilisha za nje mbili kwa pamoja, kwa sababu alaimenti utaipiga vilevile hata ukibadilisha moja, na iliyobaki imeshapita mashimo yale yale.

Kwenye spea kuwa makini sana. Hii mimi siwezi kununua mtumba, spea ya kuvaa ambayo imeshavaliwa na gari ya mtu mwingine sijui ilipita wapi, hapana. Mpya zipo za bei zote, na mafundi wengi wanapenda chapa ya 555 ya Japani, ila maboksi ya kuigiza nayo yapo mengi. Ninachoangalia ni vitu vya kushika kwa mkono: goroli ikiwa mpya inakuwa nzito kugeuza, inabana na inazunguka kwa ulaini bila kukwama, ukiiona inalegea na kuning'inia yenyewe ikiwa bado dukani iache hapo hapo. Uzi uwe safi. Kampira kawe kamekaa vizuri na pete yake. Nati ije mpya, ile yenye meno kwa juu, na splitipini yake mpya, kile kipini cha kukunja kinachozuia nati isifunguke. Na ukiweza beba ile ya zamani dukani mlinganishe urefu na unene wa ile pini yake ya mteremko, maana Noah ya 4WD na ya 2WD muuzaji anaweza kukupa yoyote akakwambia "inaingia hiyo bosi". Kuingia na kufaa ni vitu viwili.

Kazi yenyewe haina uchawi ila ina adabu yake. Gari ikae sehemu iliyonyooka, nyuma umeweka jiwe au kabari, ulegeze nati za tairi kabla ya kunyanyua, unyanyue, na chini uweke stendi ya chuma. Jeki peke yake sio kitu cha kuingiza kichwa chini yake, sijali fundi ana uzoefu kiasi gani. Halafu unasafisha nyuzi kwa brashi ya waya na kupuliza dawa ya kutu, na kama una muda uipulize jana yake jioni.

Kinachofuata ndo watu wanakiruka: kabla hujalegeza chochote, pima. Mzee alichukua rula akapima kutoka katikati ya goroli mpaka sehemu ya fimbo aliyoipiga rangi, akaandika kwa chaki kwenye sakafu, kushoto na kulia kila moja na namba yake. Halafu akalegeza ile loknati inayobana tairodi endi kwenye fimbo, robo mzunguko tu, huku ameshika fimbo kwa spana nyingine ili isizunguke. Ukilegeza loknati baada ya kuchomoa pini utahangaika kwa sababu kitu chote kinazunguka pamoja. Sasa splitipini inatoka kwa plaizi, nati ya juu inalegezwa mpaka ilingane na ncha ya pini, haitolewi kwanza, inabaki pale kulinda nyuzi na kuzuia kitu kisikurukie.

Pini ya tairodi endi imetengenezwa kwa mteremko, juu nyembamba chini nene, na imebana kwenye tundu lake kwa nguvu ya ajabu, nati ukiitoa yote bado haitoki. Hapa ndo unaona fundi na asiye fundi. Asiye fundi anapiga nyundo kwenye ncha ya pini, anaharibu nyuzi, na haitoki. Fundi anapiga ubavuni mwa lile jicho la chuma ambalo pini imeingia, pigo la uhakika, na upande wa pili anaegemeza nyundo nyingine nzito. Jicho linatikisika, linatanuka kidogo sana, na pini inaachia yenyewe kwa mlio. Mzee alipiga, haikuachia, akapiga tena kwa nguvu zaidi, ikaachia, na yule chalii akacheka kwa furaha kabisa na mimi pia. Ukiwa na pula, kile kifaa cha kuchomolea pini, ni salama zaidi na kampira hakaumii kama unataka kuirudisha. Ila moto wa gesi kwenye huo mkono wa stelingi mimi siruhusu, chuma cha stelingi ukikichoma hujui umekifanya nini.

Unaizungusha ya zamani kuitoa, unahesabu mizunguko, unaingiza mpya mizunguko ile ile, halafu unarudi kwenye namba ya chaki. Namba ya chaki ndo ya kuaminiwa zaidi kuliko mizunguko, maana spea ya kampuni nyingine inaweza kuwa fupi au ndefu kidogo. Pini inaingia kavu na safi, bila grisi kwenye ule mteremko, nati inakazwa kwa torki, yaani nguvu ya kukazia, ya kwenye kitabu cha gari, kwa gari za ukubwa huu tunaongelea mara nyingi Nm 40 mpaka 60. Tundu la splitipini lisipolingana na meno ya nati, unakaza kidogo mbele mpaka lilingane. Kulegeza kurudi nyuma ili splitipini ipite, hapana, kamwe. Na ile splitipini ikunjwe kweli, na iwe mpya, sio msumari na sio waya wa kufungia kuku, maana hivyo vyote nimeviona kwenye gari zinazobeba abiria.

Haya, alaimenti sasa. Kwenye Noah hii mbele ni shokapu iliyosimama, ile ya MacPherson, na nyuma ni ekseli moja nzima. Maana yake kilichotengenezwa kurekebishwa kwa kawaida ni kimoja tu, tou, kwa kurefusha na kufupisha zile fimbo. Kemba, yaani tairi kulala ndani au nje, na kasta, yaani mhimili wa kugeuzia tairi kulala mbele au nyuma, havina bolti ya kurekebishia kama ilivyo kwenye baadhi ya gari, zikiwa vibaya ujue kuna kitu kimepinda au bushi, ile mipira ya kwenye viungo, zimekwisha. Kwa hiyo bushi na boljointi zote zinamalizwa kwanza.

Watu wananiuliza kwani milimita mbili tatu zina nini. Tuhesabu. Tairi lina kipenyo cha karibu milimita 600. Tuseme tou imeharibika kwa jumla ya milimita 6 kati ya mbele na nyuma ya matairi, kila tairi limebeba milimita 3. Tatu kwa mia sita ni moja kwa mia mbili. Yaani kila mita 200 unazotembea tairi linasukumwa kiubavu mita 1, kila kilomita ni mita 5. Arusha mpaka Moshi ni kama kilomita 80, hapo tairi limeburuzwa mita 400 kiubavu, na kurudi vilevile. Arusha mpaka Dar ni kilomita zaidi ya 600, hapo umelivuta zaidi ya kilomita 3 pembeni juu ya lami ya moto. Na mafuta yanayofanya hiyo kazi ya kuburuza unanunua wewe.

Na upande wa kurekebisha ni hivi. Uzi wa fimbo ukiwa wa milimita 1.5, mzunguko mmoja unarefusha milimita 1.5. Mkono wa tairi ukiwa na urefu wa kama sentimita 12, kwenye ukingo wa rimu ya inchi 14 hiyo inakuwa karibu milimita 5. Mzunguko mmoja tu! Robo mzunguko ni zaidi kidogo ya milimita 1. Ndo maana kuhesabu mizunguko peke yake hakutoshi kuendea safari, kunakufikisha kwenye mashine tu.

Mzee anapiga kwa uzi kwanza, na mimi naiheshimu sana hiyo njia. Matairi yote upepo sawa, gari isukumwe mbele na nyuma na ibonyezwe ili shokapu zikae baada ya jeki, stelingi inyooke na ifungwe isizunguke. Uzi wa fundi mwashi unavutwa pembeni ya gari kushoto na kulia, usawa wa katikati ya tairi. Umbali kati ya uzi na uzi uwe sawa mbele na nyuma, na kila ekseli, kutoka katikati ya tairi mpaka kwenye uzi, kushoto na kulia vilingane. Ukishapata hilo box, yaani mstatili wa nyuzi, unapima kutoka kwenye uzi mpaka ukingo wa mbele wa rimu na ukingo wa nyuma wa rimu hiyo hiyo, na tofauti yake ndo tou ya tairi hilo peke yake. Uzuri ni kwamba unajua tairi gani limekosea, wakati futi ya kupima tairi mpaka tairi inakupa jumla tu, na unaweza kupata jumla sahihi huku stelingi imekaa upande kama bajaji iliyogongwa. Tulilenga matairi yatazamane kwa mbele kidogo sana, milimita 1 hivi kwa jumla, kwa sababu gari ikitembea barabara inayasukuma matairi ya mbele yatanuke kidogo na bushi zinaachia.

Ukizungusha fimbo legeza kwanza kile kibanio cha buti la reki, maana buti likijisokota linapasuka na hapo umeua reki endi uliyoikuta nzima. Fimbo zikiwa nyuma ya ekseli, ukirefusha matairi yanatazamana, zikiwa mbele ya ekseli ni kinyume chake, kwa hiyo usishike maneno ya mtu wa gari nyingine, zungusha kidogo pima tena. Zungusha pande zote mbili sawa sawa, ukizungusha upande mmoja tu stelingi inahama. Kuna jambo lingine ambalo tairodi inalifanya kimya kimya, ukikata kona tairi la ndani linageuka zaidi kuliko la nje kwa sababu duara lake ni dogo. Hesabu hiyo ni ya enzi za magari ya farasi, Rudolph Ackermann aliiandikia hati miliki London mwaka 1818 kwa niaba ya mtengenezaji wa Ujerumani, Georg Lankensperger, na mpaka leo iko kwenye pembe ya ule mkono wa tairi. Kwa hiyo tairi likilia kwenye kona ndogo wakati tou iko sawa, angalia kama mkono haujapinda.

Baada ya uzi nilienda kwenye mashine siku iliyofuata. Mashine naikubali kabisa, inaona na ekseli ya nyuma na kasta ambazo uzi hauoni vizuri. Ila ukienda, kabla hawajaanza waombe wapime upepo, waangalie viungo ukiwepo, na waprinti karatasi mbili, ya kabla na ya baada, ukalinganishe. Mtu akikwambia amerekebisha kemba ya Noah old model muulize kwa upole amerekebishia bolti ipi. Na kabla hujaondoka inama uangalie kama loknati zimekazwa pande zote mbili, kwa sababu ni rahisi mno kuzisahau, na loknati iliyolegea inafungua alaimenti yote huku ukiendesha.

Mimi nimezoea kulala chini tena baada ya wiki moja ya mashimo, naangalia splitipini zipo, kampira hakajapasuka, rangi niliyopaka kati ya loknati na fimbo haijakatika. Tairi zangu za mbele zilikuwa zimeshaliwa kingo, hizo hazirudi, na zikiwa mbele zitaendelea kuivuta gari na utadhani alaimenti imekosewa, kwa hiyo nilizipeleka nyuma na za nyuma zikaja mbele, na siku hizi barabara ya Moshi naishika stelingi kwa vidole.